Mzee Enos Jilo, Mpiga Kengele wa Ukumbi wa Garsen

Ijumaa, tarehe 30 Julai 1999, Mzee Enos Jilo, mkalimani na mpambe wa ukumbi wa halmashauri yetu hapa Garsen, atastaafu baada ya utumishi wa karibu miaka ishirini na tisa. Aliajiriwa Jumatatu, tarehe 3 Agosti 1970, akiwa tarishi. Tangu siku hiyo wenyeviti wamekuja na kuondoka, madiwani wamechaguliwa na kuangushwa, na mto wenyewe umebadili njia. Mtu aliyefungua mlango wa ukumbi kila asubuhi ya kikao amebaki yule yule, na shati lake jeupe lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe.

Wageni watakaohudhuria sherehe huenda hawajui mpambe hufanya nini. Hupanga viti, huhakikisha akidi imetimia kabla ya mwenyekiti kuketi, hubeba hoja kutoka kwa diwani hadi mezani, na hupiga kengele wakati wa kura. Mzee Enos aliongeza kazi ya pili, ya ukalimani, kwa sababu ukumbi wetu una madiwani wanaofikiri kwa Kipokomo, wanaofikiri kwa Kiorma, na wote hukutana katika Kiswahili ambacho kila mmoja amekuja nacho kutoka kwao. Yeye ni Mpokomo wa Idsowe. Kiorma alikipata utotoni, kwa kuwa nyumba ya baba yake na nyumba ya kina Godana zilikuwa na urafiki wa tangu enzi za babu. Maziwa yalikuja upande huu, mahindi yakaenda upande ule, na watoto wakajifunza kutukanana kwa lugha zote mbili.

Kuhusu matusi, alikuwa na msimamo. Mkalimani hapunguzi chumvi wala haongezi. Mwaka 1979 diwani mmoja alisimama akamwambia mwenzake kwa Kiorma kwamba kichwa chake ni kama kibuyu ambacho hakijakauka. Mzee Enos alitafsiri kila neno kwa utulivu, kisha akamgeukia msemaji akauliza, "Nirudie, Mheshimiwa, au umelifuta?" Mheshimiwa alifikiri kidogo, akalifuta. Kanuni nyingi za adabu zimeandikwa, lakini hatujaona iliyofanya kazi haraka kama swali lile.

Vilevile alishikilia kwamba mkalimani huzungumza kama yule anayemtafsiria. Diwani akisema "mimi", naye husema "mimi". Siku moja diwani wa malisho alilalamika kuhusu kisima, na Mzee Enos akatangaza kwa sauti yake kubwa, "Mimi nina wake wawili na sina maji ya kuoga." Mkewe, Mama Margaret, alikuwa ameketi nyuma na wanakwaya wenzake waliokuja kuomba kiwanja cha kanisa. Jioni alimwekea chakula, akamuuliza kwa upole yule wa pili anaishi wapi, apelekewe chake.

Safari iliyombadilisha Mzee Enos ilikuwa ya mwaka 1983. Halmashauri ilituma watu wachache Nairobi kutazama Bunge likifanya kazi, naye akawa miongoni mwao. Walikaa katika jukwaa la wageni mchana kutwa. Aliporudi aliieleza siku ile kwa wiki nzima, na mpaka leo akianza kuieleza hushusha sauti. Hakuvutiwa na zulia wala viti vya ngozi. Alichoshangaa ni kwamba watu wengi namna ile, wenye nguvu na wenye hasira, walikuwa wakipigiana kelele, lakini Spika aliposimama, kila mmoja aliketi. Hapakuwa na askari aliyewagusa. Walitii kiti. Alisema, "Nilidhani utawala ni mtu. Siku ile niliona ni utaratibu, na mtu anauazima tu."

Aliona jambo lingine. Kura ilipofika, kengele zililia katika jengo zima, wabunge wakatoka walikokuwa, milango ikafungwa, na swali likaulizwa. Lilikuwa fupi, na liliulizwa kwa namna ile ile kila mara. Wanaokubali hoja waseme ndiyo. Wanaoikataa waseme la. Pande zote mbili zilipewa nafasi, hata pale ambapo kila mtu alijua nani atashinda. Mzee Enos alisema mwili ulimsisimka kuona kwamba jambo kubwa la nchi nzima hupitia katika mlango mdogo kama huo.

Aliposhuka kutoka Nairobi alipitia Malindi, akanunua kengele ya mkono kwa fedha zake. Wakati ule madiwani wetu wengi walikuwa wakisikiliza mjadala kutoka hotelini ng'ambo ya barabara, mbele ya chai. Kengele ya kwanza ilipolia waliingia mbio, mmoja akiwa na mahamri mdomoni. Lakini waliokimbia zaidi ni wanafunzi wa shule ya jirani, ambao walifungasha vitabu wakaenda nyumbani. Walimu walikuja juu. Ikabidi ufanyike mkutano wa pande mbili, na ikakubaliwa kwamba kengele ya shule ilie mfululizo na ya ukumbi ikatwekatwe. Mzee Enos anauita mkutano ule mkataba wa kwanza aliousimamia, na hacheki anaposema hivyo.

Wakati wa mafuriko makubwa ya mwisho wa mwaka 1997, barabara zilipokatika na Garsen ikawa kisiwa, kamati ya dharura ilikosa mtu mmoja kutimiza akidi. Bila akidi hapangeweza kuamuliwa mahindi ya msaada yashushwe wapi. Mzee Enos alichukua mtumbwi, akamfuata diwani wa Kau, akamleta ukumbini akiwa amelowa hadi kiunoni. Diwani alipolalamika kwamba angepewa hata muda wa kubadili nguo, alijibiwa, "Akidi haihesabu nguo, Mheshimiwa. Inahesabu vichwa."

Hayo yote tungeyasimulia kwa kicheko tukaagana. Lakini hatuwezi kumuaga bila kueleza kikao cha Alhamisi, tarehe 17 Septemba 1998, na hapa kicheko kinapungua.

Mafuriko yalikuwa yamefunika mashamba ya zamani kwa mchanga. Watu wa mtoni walipanda popote palipobaki na udongo mzuri, na sehemu moja kama hiyo ilikuwa mdomo wa Malka Dima. Malka, kwa asiyeijua, ni njia ya ng'ombe kutoka malishoni hadi majini. Msimu wa mvua hakuna aliyeona tatizo. Kiangazi kilipokaza, ng'ombe walianza kurudi kutoka malisho ya mbali, wakitarajiwa kufika mtoni asubuhi ya siku iliyofuata kikao. Mheshimiwa Laban, diwani wa upande wa mto, alileta hoja kwamba malka ifungwe mpaka mpunga uvunwe. Mheshimiwa Godana, diwani wa wafugaji na rafiki wa utotoni wa Mzee Enos, aliipinga. Na kila mtu ukumbini alijua kwamba shamba lililokuwa mdomoni kabisa mwa malka ile, ndizi mbele na mpunga nyuma, lilikuwa la Enos Jilo.

Mjadala ulianza asubuhi. Mzee Enos alitafsiri mfululizo, "mimi" wa Laban na "mimi" wa Godana wakitoka katika kinywa kimoja. Laban aliposema watoto watalala njaa, sauti ya mkalimani ilisema watoto wangu watalala njaa. Godana aliposema ng'ombe asiyekunywa leo kesho ni ngozi, sauti ile ile ikasema ng'ombe wangu. Ungesikiliza ukiwa umefumba macho, usingejua yeye mwenyewe anataka nini. Tulioketi karibu naye hatukujua hata tukiwa tumefumbua.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Mukhtar, alikuwa na homa siku ile. Alikuja kwa sababu kikao hakingeweza kusubiri, na mpaka alasiri alikuwa akitetemeka chini ya koti. Ukumbi wetu pia ulikuwa na mazoea yake. Kikao kikirefuka, mwenyekiti hakuuliza mara mbili. Aliuliza kwa mkato, "Hamkatai?" na madiwani wakajibu, "Ndiyo," na jambo likapita. Kwa mambo kama rangi ya lango la soko mazoea hayo hayakumuumiza mtu. Mzee Enos hakuyapenda. Tangu safari ya Nairobi alikuwa akiwaambia wenyeviti wote, "Uliza kwa ndiyo, Mheshimiwa. Usiulize kwa kukana." Walimwona anapenda mambo ya Bunge kupita kiasi.

Basi Mheshimiwa Mukhtar akafuta jasho, akauliza, "Waheshimiwa, hamkatai malka ifungwe?"

Ukumbi ukajibu kwa sauti moja kubwa, "Ndiyo!"

"Ndiyo wameshinda," akasema mwenyekiti, akainuka taratibu. Watu wakapiga meza. Madiwani wakaanza kutoka kwenda kunywa chai.

Mzee Enos alibaki amesimama mlangoni. Alitueleza baadaye alichokiona. Laban alimpita akitabasamu, akampiga bega. Halafu Godana akampita, naye akitabasamu, akamwambia kwa Kiorma kwamba atamletea maziwa kesho ng'ombe wakishakunywa. Wote wawili walikuwa washindi.

Msomaji wa Kiswahili ataelewa haraka. Aliyekubali hoja alijibu ndiyo, yaani ni kweli, hatukatai. Aliyeipinga naye alijibu ndiyo, yaani ndiyo, tunakataa. Hakuna aliyekosea Kiswahili kati yao. Swali ndilo lililokosea. Kumbukumbu zingeandikwa kwamba malka imefungwa kwa kauli moja. Jioni ile wakulima wangeambiwa imefungwa, na wafugaji wangeambiwa iko wazi. Asubuhi wangekutana mdomoni mwa Malka Dima, kila upande ukiwa na haki mkononi, na si haki peke yake.

Sasa tufikirie alikosimama mtu huyu. Mpambe hana neno katika kikao. Hana kura. Hawezi kusimama akamkosoa mwenyekiti, na mkalimani hana "mimi" yake mwenyewe. Akinyamaza, hakuna kanuni aliyoivunja, na kumbukumbu za halmashauri zitalilinda shamba lake. Akisema, watu wa Idsowe watasema Enos amemuuzia Godana mpunga wao.

Alichukua kengele akaipiga.

Aliipiga kwa mkato wa kura, na kwa kuwa alikuwa amewazoesha miaka kumi na mitano, wote waligeuka. Walirudi na vikombe mikononi. Mwenyekiti alishika mlango.

"Mzee Enos, kura imekwisha. Kengele ya nini?"

"Haijakwisha, Mheshimiwa. Naomba umuulize Mheshimiwa Godana ameshinda nini. Halafu umuulize Mheshimiwa Laban."

Mwenyekiti alimtazama, akamgeukia Godana.

"Malka iko wazi," akasema Godana. "Sisi nasema ndiyo, nakataa kufunga. Wewe nasikia."

"Wazi wapi?" Laban akaruka. "Imefungwa, bwana. Ndiyo mmeisema wenyewe kwa midomo yenu."

Zikazuka kelele ambazo mimi ninayeandika haya sijawahi kuzisikia tena katika ukumbi ule. Viti vilianguka. Mtu alimwita mwenzake mwizi wa maneno. Mheshimiwa Mukhtar, na homa yake, alitembea polepole hadi kwenye kiti chake. Hakuketi. Alisimama mbele yake na kunyamaza. Mmoja mmoja wakamwona, na mmoja mmoja wakaketi. Mzee Enos alikuwa ametuhadithia jambo hilo tangu mwaka 1983 na tulidhani ni la Nairobi tu. Siku ile tuliliona Garsen, chini ya mabati, na hata sasa ninapoliandika nasikia baridi.

Mwenyekiti alisema, "Kosa ni langu. Nitauliza upya, na nitauliza kwa ndiyo." Akamtaka Mzee Enos alitafsiri swali katika lugha zote kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Kisha akaamuru kura ya miguu. Wanaotaka malka ifungwe wasimame upande wa mlango. Wanaotaka ibaki wazi wasimame upande wa dirisha. Mzee Enos alilitangaza swali kwa Kiswahili, kwa Kipokomo na kwa Kiorma, neno kwa neno, kwa sauti ile ile isiyoegemea. Diwani wa Kau, mkulima tangu azaliwe, alivuka ukumbi akasimama dirishani, akisema ng'ombe wakizuiwa Malka Dima watakuja kwake. Hoja ikaanguka kwa tofauti ndogo.

Ndipo kazi hasa ya kikao ilipoanza. Mtu aliyejua ameshindwa kweli husikiliza tofauti na mtu aliyedanganywa. Mheshimiwa Laban akaleta pendekezo lake mwenyewe, na tunampa heshima yake kwa hilo. Malka ibaki wazi, iwekewe vigingi pande zote mbili, ng'ombe wapite asubuhi tu na wasitoke ndani ya vigingi, na mashamba yaliyo mdomoni yarudi nyuma. Godana aliliunga mkono. Lilipita kwa ndiyo iliyoulizwa vizuri. Mzee Enos alitafsiri na hilo la mashamba kurudi nyuma, na sauti yake haikubadilika.

Katika shajara yangu ya siku ile niliandika sentensi moja tu: Leo nimemwona mtu akipiga kengele dhidi ya shamba lake.

Alfajiri ya kesho yake alikuwa mdomoni mwa malka akiwa na jembe, anang'oa migomba yake mwenyewe. Mama Margaret alikuwa akikata mpunga uliokaribia kuiva na kuuacha ule mbichi. Alimwambia mumewe, "Siku nyingine ukitaka kupiga kengele, nitumie habari mapema nivune kwanza." Mheshimiwa Godana alitokea na shuka lake begani, akalivua, akabeba miche ya migomba mpaka shamba jipya. Jua lilipopanda ng'ombe walifika. Walipita katikati ya vigingi, vumbi likawafunika, wakanywa. Wakulima walisimama na majembe wakiwatazama. Hakuna aliyeumia. Tunaandika maneno hayo mawili bila kuyapamba, kwa sababu yanatosha.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Idsowe kulikuwa na watu waliompita bila kumsalimu hadi karibu na Krismasi. Mheshimiwa Laban alimtania mbele ya watu hotelini, "Mzee Enos, kengele yako imekula ndizi zako." Naye alijibu, "Imekula ndizi tu, Mheshimiwa. Ningenyamaza, ungekula nini wewe leo?" Laban alicheka, akamlipia chai. Wanasema hapo ndipo salamu ziliporudi.

Mwezi Novemba halmashauri ilipitisha kanuni mpya ya vikao. Swali la kura liulizwe kwa kukubali, si kwa kukana. Lirudiwe kwa kila lugha iliyomo ukumbini kabla ya jibu. Na mwenyekiti anapotangaza matokeo asiseme tu nani ameshinda, aseme kilichoamuliwa: malka iko wazi, soko litajengwa, kiwanja kimetolewa. Tangu hapo hatujawa na uamuzi hata mmoja uliorudishwa kwa sababu watu hawakuelewa walichokipigia kura. Wenyewe tunaiita Kanuni ya Jilo. Tungesema kwamba yeye huona haya kwa jina hilo, lakini tungedanganya. Analipenda sana, na wageni wakija huhakikisha kanuni hiyo imesomwa, ikiwezekana mara mbili.

Katika sherehe ya Ijumaa, Mheshimiwa Laban ataleta miche ya migomba kutoka mashamba ya upande wa mto, na Mheshimiwa Godana ataleta mtamba kutoka kwa wafugaji. Mama Margaret ameshauliza mtamba huyo atapita njia gani kwenda majini, na kama ndizi mpya zitabaki salama. Kengele itabaki ukumbini. Mzee Enos ametukabidhi pamoja na onyo kwamba isitumiwe kuita watu kwenye chakula.

Mzee Enos, tunakushukuru kwa sauti yako uliyotuazima sote kwa miaka yote hii, na kwa ile siku moja ulipoitumia kama yako mwenyewe, ukaitumia kututetea. Mama Margaret, tunakushukuru kwa mpunga ulioukata kabla haujaiva. Uzee wenu uwe na kivuli, maji karibu, na mavuno ambayo hakuna kikao kitakachoyagusa.

Mwisho wa sherehe, Mheshimiwa Mukhtar atatoa hoja kwamba Enos Jilo aende nyumbani akapumzike. Mstaafu amesisitiza kuliandika swali hilo kwa mkono wake, na atalitafsiri mwenyewe kwa mara ya mwisho. Upande wa mto na upande wa malisho tumeshapatana jibu. Sote tutasema ndiyo, na safari hii tutamaanisha kitu kimoja.